Nani Kaelekeza Mapacha Kwangu

Jumatatu, 12 Mei

Nimechelewa kufungua. Mvua. Maji yamepita tena chini ya mlango, maboksi ya nyuzi yamelowa. Nimeyaanika juu ya kaunta, duka zima linanuka ukungu. Chande, winga anayesimama mlangoni kwangu kuvuta wateja, kaja na mwavuli wa watu na maneno mengi. 

Kabla ya adhuhuri simu kutoka Songea. Fundi cherehani, mwanamke, ana adabu zake. Anataka lesi na vifungo vya lulu, watu wanashonesha nguo za Idi. Nikamuuliza namba yangu kaipata wapi. Kwenye tovuti ya Mapacha, kasema.

Nikamwambia Mapacha haipo, ilikufa. Kasema ipo, ameifungua sasa hivi. Anwani anaisoma kwenye futi kamba aliyopewa dukani zamani.

Baada ya kukata simu nikaandika mwenyewe. Nimeandika Mapacha, imefunguka tovuti yangu mimi. Lesi zangu. Kaunta yangu. Sura yangu nimeshika mkasi, nacheka kama mtu asiye na adui.



Jumanne, 13 Mei

Naandika yote hapa nisije nikababaika siku ya kuulizwa.

Mapacha tulikuwa mimi na Mama Glory. Duka moja, kaunta moja, mpaka watu wakatuita hivyo, na sisi tukalichukua jina tukalibandika juu ya mlango. Tukatengeneza futi kamba zenye jina na anwani ya intaneti, tukawagawia mafundi mwisho wa mwaka. Kisha kontena letu likakwama bandarini. Mimi nikasema wakala wa forodha ni mtu wake. Yeye akasema ni mtu wangu. Maneno yakazaa maneno. Tukagawana mzigo mbele ya kaka yangu na mume wake, kila mmoja akaenda na fremu yake ya duka. Na tukala kiapo, mimi kwa msahafu, yeye kwa Biblia: jina la Mapacha limezikwa, hakuna wa kulitumia tena kujiitia mteja. Miaka minne hatujasalimiana.

Mimi sijalitumia. Wallahi sijalitumia.

Lakini nani ataniamini? Ukiandika Mapacha unatua dukani kwangu, kwa Zaituni. Hiyo tu inatosha. Kiapo kimevunjwa na mvunjaji ni mimi, na picha ninayo, nimeshika mkasi. Mtaa huu mtu akiambiwa kavunja kiapo hapewi tena mzigo kwa mdomo. Utaletewa karatasi za kusaini hata kwa pakiti ya sindano.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda Mchafukoge kwa Edgar, ndiye aliyenitengenezea tovuti. Ghorofani, lifti mbovu. Nimefika juu pumzi sina, hasira ninayo.

Nikamuuliza kaniuza kwa nani. Akashangaa, au alijifanya kushangaa. Akaangalia kwenye kompyuta yake, akanieleza polepole kama ananifundisha kuvuka barabara. Anwani ya Mapacha ina mwenyewe na imelipiwa. Ilikuwa imekaa tu, haina kitu. Sasa mwenyewe kaielekeza kwangu. Anayeiandika anasukumwa moja kwa moja mpaka kwenye tovuti yangu.

"Ni kama umehama duka, Mama Shani, ukabandika mshale pale mlangoni: tumehamia kule. Ndiyo hivyo hivyo."

Nikamwambia mimi sijahama na sijabandika mshale. Akasema aliyelipia anwani anaielekeza anakotaka, haombi ruhusa ya mwenye tovuti. Jina lake limefichwa, haoni ni nani.

Haoni, au hataki kuona. Alikuwa anazungusha kalamu vidoleni muda wote. Mtu mkweli anatulia.

Alhamisi, 15 Mei

Leo nimemshuku Chande.

Nimemweka kwenye kiti nikamhoji. Kaapa mpaka kwa bibi yake. Halafu kasema jambo ambalo limenikaa: "Mama angu, ningekuwa nimekuletea wateja wa Songea mimi, leo hii ungekuwa umeshanisikia nadai cha juu."

Kweli. Kariakoo hii hakuna anayekuletea mteja akanyamaza. Winga akimfikisha mtu mlangoni, kabla mtu hajatoa pochi yeye ameshanyoosha mkono. Huyu wa kwangu analeta watu kutoka mikoani na hajatokea kudai chochote. Winga asiyedai chake ana lake jambo.

Jumamosi, 17 Mei

Simu zinaingia. Iringa. Mtwara. Wote Mapacha, Mapacha. Lesi nyeupe imekwisha, nimeagiza nyingine. Biashara sijaiona hivi tangu mwaka uanze, na sina furaha nayo hata kidogo. Kila simu ikilia naona shahidi mwingine kaongezeka.

Mama mmoja wa Mbagala kaingia mwenyewe, kanisalimia, "Mama Glory, hujambo? Umepungua." Nilitakiwa kumsahihisha. Nimemuuliza anataka zipu za rangi gani.

Nimejichukia mpaka jioni.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia mume wangu. Baba Shani kasikiliza nusu, nusu nyingine alikuwa kwenye mpira. Kasema, "Unaletewa wateja halafu unalia? Kula, nyamaza." Ndiyo maana yeye kaajiriwa na mimi ndiye mfanyabiashara.

Nimefikiri wakati napika. Nani alilipia anwani ile siku za mwanzo? Mama Glory. Ilikuwa kwenye simu yake, yeye ndiye alijua mambo hayo. Mimi nilidhani ilikufa pamoja na jina. Kumbe kaiweka akiba miaka yote hii. Mtu anaweka akiba kitu cha nini kama hana mpango nacho?

Mpango naujua. Ananijazia wateja wa Mapacha, nipokee, ninogewe. Siku moja atawaita kaka yangu na mumewe, atawafungulia simu. Oneni. Zaituni kavunja kiapo.

Ni yeye. Nina uhakika kama ninavyojua jina langu.

Jumanne, 20 Mei

Nimepita upande wa Msimbazi, kwenye fremu yake. Nilijifunga mtandio mpaka puani nisijulikane. Muuza karanga kanisalimia kwa jina.

Kumefungwa. Mchana, wiki ya watu kushonesha za Idi, Mama Glory kafunga. Huyu mwanamke alikuwa anafungua hata siku ya homa. Sikutaka kumuuliza mtu, ningeonekana namfuata. Nimemtuma Chande jioni akachungulie. Karudi kasema ndani peupe, hata shelfu zimeng'olewa.

Basi kahamia pakubwa. Anataka kuanza upya, msafi, na jina bovu kanivisha mimi shingoni.

Nina hasira. Kula nimeshindwa.

Jumatano, 21 Mei

Nimerudi kwa Edgar. Safari hii sikukaa kitini. Nimemwambia aweke tangazo juu kabisa ya tovuti, herufi nyekundu, mtu alione kabla hajaona lesi. Maneno nimeyatunga mwenyewe:

TAHADHARI. Duka hili halihusiani na Mapacha. Ukiletwa hapa kwa jina hilo, aliyekuleta ni tapeli.

Edgar kayasoma, kavua miwani. "Mama, hili neno la mwisho ni zito. Tuseme tu hatuhusiki?" Kisha kasema kama nataka anaweza kuandika barua pepe kwa mwenye anwani, itamfikia hata kama jina limefichwa. Kumuuliza tu kwa upole.

Upole! Nimemwambia mimi ndiye mteja wake na neno libaki. Likabaki. Kabla ya alasiri lilikuwa hewani. Nimelipiga picha nikaliweka na kwenye status ya simu.

Nimeshuka ngazi nyepesi. Nimenunua maandazi njiani nikala yote.

Alhamisi, 22 Mei

Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 24 Mei

Simu za mikoani zimekatika. Nimeandika Mapacha kujaribu. Haifunguki popote. Ukurasa mweupe.

Kauondoa mshale wake. Angekuwa hana hatia angeuondoa? Nimemshika. Nimemwambia Chande tumemshika, naye kapiga makofi bila kujua tumemshika nani.

Jumatatu, 26 Mei



Leo kaja fundi Anjela, mshona sare za shule. Zamani alikuwa mteja wa Mapacha, baadaye akamfuata Mama Glory. Kwangu hajawahi kukanyaga. Kataka lesi ya shela, nikawa napima huku yeye anaongea. Kasema pole ya Mama Glory jamani. Nikauliza pole ya nini.

Nyumba ya Msimbazi imeuzwa. Mwenyewe mpya anabomoa ajenge ghorofa, wapangaji wote wametolewa. Mama Glory kazunguka Kariakoo nzima kutafuta fremu nyingine, pesa za kilemba zinazotakiwa ili uingie hazishikiki. Karudisha mzigo nyumbani kwake Tabata.

Na wateja wake? nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza, nilishahisi.

Anjela kanishangaa. "Si katuambia tuje kwako! Kasema nendeni kwa Zaituni, vitu vyake ni halisi, msikubali kupotezwa na mawinga. Na wale wa mikoani kasema waandike tu Mapacha, kashaielekeza kwako."

Nimekata lesi vibaya. Kipande chote kimeharibika. Anjela kasema haidhuru, kakichukua hivyo hivyo. Hajaliona tangazo, au kaliona kanyamaza. Sijui lipi baya zaidi.

Jumanne, 27 Mei

Tangazo bado lipo. Sijamwambia Edgar aliondoe. Nimeshinda nabishana na mtu ambaye hayupo.

Kwa nini hakunipigia? Namba yangu anayo. Simu moja tu: Zaituni, nakuletea watu. Ningejuaje? Mtu unamtupia kitu gizani halafu unataka akijue? Na kiapo je? Yeye ndiye kalitumia jina, si mimi. Tena kalitumia kwa ajili yangu.

Kila nikijitetea najisikia muongo.

Jumatano, 28 Mei

Chande na umbea wake wa asubuhi. Wale wauza vyombo vya plastiki wa mtaa wa nyuma, waliotukanana mwezi wa Ramadhani mpaka wakatenganishwa, wamepatana. "Jana yule mnene kamwambia mteja wa ndoo nenda kwa mwenzangu pale. Na ndoo anazo, zimejaa mpaka nje! Leo mwenzake karudisha, kaleta mteja wa mabeseni. Imekwisha hiyo."

Nilikuwa nacheka. Kicheko kikanikatikia mdomoni.

Ndivyo tufanyavyo mtaa huu. Watu waliogombana dukani hawaendi kuombana radhi kwa mdomo, mdomo ndio uliowagombanisha. Unampelekea mwenzako mteja. Si mteja wa kitu kilichokuishia, huyo hana maana yoyote. Mteja wa kitu ulicho nacho, unachoweza kumuuzia mwenyewe hapo hapo. Mwenzako akipokea na yeye akaleta wa kwake, yameisha, mnasalimiana kesho yake. Nimeyaona haya tangu nakuja mtaani kama mwali. Mimi mwenyewe nimewahi kupelekea mtu, nimewahi kupelekewa.

Na sikulitambua. Kwa sababu hakuja mtu kwa miguu akasema nimetumwa na Mama Glory. Walikuja kwa simu, kwa anwani, kwa mambo ya Edgar. Nikaona winga, nikaona mtego.

Mama Glory aliniletea wateja wake wote kwa mpigo, akakaa anasubiri nimrudishie mmoja. Nikamrudishia neno tapeli kwa herufi nyekundu.

Aibu. Sina neno lingine.

Alhamisi, 29 Mei

Edgar kaondoa tangazo.  Nilimwomba samahani kwa yale ya kuniuza, kasema yeye alishasahau. Ngazi za kushuka leo zilikuwa ndefu.

Picha niliyoweka kwenye simu ilishajifuta yenyewe siku ile ya pili. Walioiona wameiona.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda Tabata.

Nyumba ileile, geti jipya. Glory kanifungulia. Kakua, kanizidi urefu. "Shikamoo mama." Nikasema marahaba. Zamani aliniita mama mdogo. Kanikaribisha vizuri, kisha kaingia ndani na hakutoka tena.

Sebule ni ghala. Maboksi mpaka dirishani, makochi yamesukumwa ukutani, zipu zimening'inia kwenye fimbo ya pazia. Nikakaa katikati ya mzigo na macho yangu yakaanza kuhesabu yenyewe, ni ugonjwa wa kazi. Lesi nyeupe. Vifungo vya lulu, pakiti kwa pakiti. Vilevile alivyotaka mama wa Songea. Alikuwa navyo. Vyote alikuwa navyo, hapa sebuleni kwake, na watu kawaleta kwangu.

Mama Glory katoka jikoni na soda kwenye trei, na kitambaa chini ya glasi. Kasema, "Karibu, dada." Dada. Miaka yote mimi na yeye ni shoga, hata siku ya kugawana mzigo aliniita shoga huku analia. Mgeni ndiye anayeitwa dada na kuwekewa kitambaa.

Nikamwomba radhi. Sikuzunguka. Nimemwambia nilidhani ananitega, nimemwita tapeli mbele za watu, na yeye si tapeli, mwenye roho mbaya ni mimi. Nililia. Yeye hakulia.

Kasema, "Yule mama wa Songea ndiye alinitumia picha ya lile tangazo. Kaniuliza, Mama Glory, huyu si uliniambia ni ndugu yako?"



Kasema jina alikuwa analilipia kila mwaka asije mtu baki akalichukua. Hakujua atalifanyia nini. Fremu ilipokwenda ndipo alipojua. "Wale wateja tuliwatafuta sote wawili. Nikaona wasipotee."

Nikamuuliza kuhusu kiapo. Kasema tuliapa kutolitumia kujiitia wateja, yeye hakujiitia. Hilo mimi sikuwahi kulifikiria, katika siku zote nilizoshinda nafikiria kiapo.

Nikamwambia basi tulirudishe, tuweke mshale tena, au tufungue upya sote wawili. Nilikuwa naongea haraka haraka. Kaniacha mpaka nikamaliza. Kasema malipo ya anwani yanaisha mwezi ujao, hatalipia tena.

"Nimekusikia, dada." Ndiyo kauli yake ya mwisho. Kanisindikiza mpaka getini kwa heshima zote. Soda sikuinywa.

Jumatatu, 2 Juni

Duka limejaa. Kila mtu anataka nguo ishonwe kabla ya Idi, na kila mtu kakumbuka leo. Nimeuza tangu asubuhi bila kukaa. Sikumbuki niliuza nini.

Baba Shani kauliza nina nini. Nimemwambia nimempoteza mtu. Kauliza nani kafariki. Nimemwambia hakuna aliyefariki.

Alhamisi, 5 Juni

Asubuhi mvua nyembamba, baadaye jua.

Kaja mwanamume wa Kibaha, ana kiwanda kidogo cha sare. Mnunuzi wa kweli, wa kushika kitu na kukivuta kwanza. Anataka zipu nyeusi, mzigo mkubwa. Ninazo. Shelfu nzima ya nyuma, ameshaziona.

Nimemwambia aende Tabata kwa Mama Glory. Nimemwandikia namba na njia.

Kaonyesha kidole. "Sasa mama, hizi si ndizo zenyewe?"

Nimesema ndizo. Aende Tabata, aseme katumwa na Zaituni. Kaniangalia kama mtu mwenye homa, lakini kaenda. Chande kakaa chini kwenye kiti cha wateja, kashika kichwa. Kasema mwaka huu tutalala njaa kwa kupenda.

Alasiri yule mtu kapiga simu. Mzigo kaupata, kashukuru. Kasema Mama Glory alimuuliza kitu kimoja tu: Zaituni zipu hizo hana? Naye kamjibu anazo, shelfu nzima, kaziona kwa macho yake.

Nikamuuliza akasemaje.

 Kasema hapo hapo akaanza kumfungia mzigo.

Nikamshukuru, nikamtakia safari njema. Kulikuwa na mama mwenye mtoto anasubiri kupimiwa lesi.